Masundosundo yakirudi, nani kamletea nani?

Kwenye nguzo za umeme za Dar es Salaam, kuanzia Buguruni hadi Mbagala Rangi Tatu, vibandiko vya waganga havikosekani. Orodha ni ileile: busha, nguvu za kiume, mpenzi aliyekimbia, mali iliyoibwa. Siku moja pale Manzese nikaona kimoja ambacho mwenyewe alikuwa ameongeza mstari kwa kalamu ya wino mzito, chini kabisa: "Masundosundo, hayarudi tena." Watu wananipita, mimi nimesimama nasoma nguzo, maana ya kwangu yalikuwa yamerudi kwa mara ya tatu.

Namba sikuichukua, ila biashara ya yule bwana niliielewa. Mwenye masundosundo, yaani vinyama vya sehemu za siri, hasumbuliwi sana na kuota kwake. Kinachomkondesha ni kurudi kwake. Na akiwa na mke, mume au mchumba, yakirudi yanakuja na swali lisilo na dawa famasi: yametoka kwa nani? Kwa nini yanarudi, na yametoka kwa nani, ni maswali mawili. Watu huyachanganya yakawa moja, na ndoa zinavunjika hapo.

Kwanza yenyewe ni nini. Ni vinyama vinavyoota kwenye uume, korodani, mashavu ya uke, ndani ya uke, kinenani au kuzunguka njia ya haja kubwa. Wengine huyaita chunjua za sehemu za siri. Vingine ni bapa, vingine vimesimama, vingine hukua vikashikana mpaka vikafanana na ua la koliflawa. Yangu mara ya kwanza yalikuwa kama punje tano za ulezi zilizogandana. Hayakuuma. Kwa watu wengi hayaumi. Huwasha kidogo, au hutoa damu yakikwaruzwa. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa nayo miezi bila habari, hasa mwanamke ambaye yamemwotea ndani.

Yanaletwa na kirusi cha papiloma, kile ambacho kwenye mabango ya hospitali huandikwa HPV. Kirusi hiki kina aina zaidi ya 200, na kama 40 kati ya hizo hupendelea ngozi na utando laini wa sehemu za siri. Aina ya 6 na ya 11 ndizo zinazoleta karibu asilimia 90 ya masundosundo. Aina ya 16 na ya 18 hazioteshi vinyama. Hizo zinakaa kimya, na kwa pamoja zinahusika na kama asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Ukoo mmoja, tabia mbalimbali. Mtu akisoma haraka kwenye simu "HPV inaleta saratani" huku ana kinyama uumeni, usingizi unampotea kwa jambo ambalo kinyama kile hakikulisema.

Hata wanasayansi walipita kwenye njia hiyohiyo ya kuchanganya. Mjerumani Harald zur Hausen aliamini kwamba saratani ya mlango wa kizazi inaletwa na kirusi cha jamii ya vinyama, wakati wenzake wengi walikuwa wanakifuata kirusi cha malengelenge ya sehemu za siri. Yeye na wenzake waliipata aina ya 6 kwenye masundosundo, wakaenda kuitafuta kwenye uvimbe wa saratani, hawakuikuta. Waliendelea, na miaka ya 1983 na 1984 wakazipata aina ya 16 na ya 18. Mwaka 2008 alipewa tuzo ya Nobel. Kwa hiyo ule utofauti unaomsaidia mgonjwa kulala usingizi leo, ulianzia kwa watu waliotafuta kitu mahali wakakikosa.

Sasa, kwa nini yanarudi?

Mtaani jibu ni moja: mzizi haujang'olewa. Nimelisikia kwa fundi cherehani, kwa kinyozi, hata kwa muuza dawa mmoja aliyepaswa kujua zaidi. Kinyama hiki hakina mzizi. Kinaota kwenye tabaka la juu la ngozi na hakijachimbia chini kama jino. Ila imani ya mzizi ina madhara, maana inamfanya mtu adai achomwe kwa kina zaidi, au ajichome mwenyewe, akidhani anafuata kitu kilichojificha ndani ya nyama.

Mfano unaonikaa mimi ni wa mchwa. Wapwani wanaijua ile njia ya udongo inayopanda ukutani kuelekea kwenye boriti. Unachukua kisu, unaikwangua, ukuta unakuwa msafi. Baada ya wiki mbili njia imejengwa tena, pembeni kidogo ya ile ya kwanza. Ulichokwangua ni udongo. Mchwa wako ndani ya mti. Kirusi hiki nacho huingia kwenye seli za chini kabisa za tabaka lile la juu la ngozi kupitia mikwaruzo midogo isiyoonekana, ile inayotokea wakati wa kujamiiana. Humo hukaa kimya. Seli zinapopanda juu kama ngozi inavyojifanya upya kila siku, kirusi nacho hupanda na kuzaliana, na mahali pengine ndipo kinyama huota. Dawa, baridi, moto au kisu huondoa kile kilichoota. Ngozi ya jirani, ambayo kwa macho haina kitu, inaweza kuwa na kirusi bado.

Kinachomaliza kazi ni kinga ya mwili wako. Na habari njema ni kwamba kwa watu wengi kinga hiyo hushinda: maambukizi mengi ya HPV hudhibitiwa na mwili ndani ya mwaka mmoja hadi miwili. Katikati ya hapo ndipo yanaporudi, hasa katika miezi mitatu ya kwanza baada ya tiba. Yakirudi mwezi wa pili, hilo ni jambo la kawaida kabisa katika ugonjwa huu. Si ushahidi kwamba daktari hakujua kazi, wala kwamba mwenzako ametoka nje wiki iliyopita.

Yanaporudi tena na tena, au yakiwa mengi na makubwa, daktari mzuri atauliza habari za kinga. Kipimo cha VVU hakikwepeki. Mimi na mke wangu tulishapima kliniki ya wajawazito, wote hasi, nikadhani hilo limekwisha. Daktari akanipeleka tena maabara, na hakuwa na makosa. Mwenye VVU masundosundo humwandama zaidi na hutibika kwa taabu zaidi, na akianza dawa za kufubaza virusi mwili hupata nguvu ya kupambana. Kisukari, dawa zinazoshusha kinga, ujauzito na uvutaji sigara navyo huchangia. Sigara mimi nilikuwa navuta tano kwa siku. Nilitegemea nisiulizwe.

Siku hiyohiyo alinipima na kaswende, na hapa nataka kukaa kidogo. Kaswende ikifika hatua ya pili inaweza kuotesha vinundu bapa, vyenye unyevunyevu, rangi ya kijivujivu, kwenye sehemu zilezile, na mtu wa kawaida hawezi kuvitofautisha na masundosundo. Vinatibiwa kwa sindano ya penisilini. Ukivipaka dawa ya masundosundo unaupoteza muda, na kaswende inaendelea na safari yake mwilini. Kwa upande wa pili kuna vitu ambavyo si ugonjwa hata kidogo: vile vipele vidogo vilivyojipanga kama shanga kuzunguka kichwa cha uume, au vidoa vya rangi ya krimu ambavyo ni tezi za mafuta. Vijana wengine wamejichoma kwa asidi kitu walichoumbwa nacho. Kwa hiyo kabla ya swali la dawa, mtu mwenye ujuzi ayaone kwa macho.

Dawa niliyopewa mimi mara ya kwanza ni podofilini, utomvu wa kahawia unaotokana na mmea. Nesi alipaka vaselini kuzunguka eneo kulinda ngozi nzima, akachovya kijiti cha pamba, akagusa kila kinyama taratibu kama mtu anayepaka rangi kucha za mtoto, akaniacha nikauke. "Kaka, ukaoge baada ya saa nne. Isizidi." Ilikuwa saa nne asubuhi. Nikahesabu: saa nane mchana niwe nyumbani.

Nilikuwa mjini, nakaa Manzese. Saa tano mvua ikaanza. Wenyeji wanajua kinachofuata: Jangwani imejaa, barabara ya Morogoro imefungwa, mabasi ya mwendokasi yamesimama, na kila gari linatafuta njia ya kuzunguka. Saa nane ilinikuta Kariakoo, nimebanwa dirishani kwenye daladala ambayo haijasogea hata hatua kumi. Saa tisa nikaanza kusikia joto. Saa kumi lilikuwa moto kweli, na mama aliyekaa kando yangu akaniuliza kama naumwa tumbo. Nilifika nyumbani saa kumi na mbili kasoro. Usiku ule na siku tatu zilizofuata nilitembea ndani ya nyumba na kanga ya mke wangu, miguu nimeitanua, na vinyama vilianguka vyote pamoja na ngozi ambayo haikuwa na kosa.

Nalisimulia hili kwa sababu podofilini ni dawa nzuri kwa masharti. Hupakwa na mhudumu, huoshwa baada ya saa moja hadi nne, hurudiwa kila wiki mpaka viishe, na haipakwi mjamzito kamwe. Ipo ndugu yake iliyosafishwa, podofilotoksini, ambayo mtu hujipaka mwenyewe nyumbani: mara mbili kwa siku kwa siku tatu, kisha anapumzika siku nne, na mzunguko huo unaweza kurudiwa hadi mara nne. Kuna krimu ya imikwimodi, inayofanya kazi kwa kuiamsha kinga ya ngozi. Hupakwa usiku mara tatu kwa wiki, huoshwa asubuhi, na inaweza kuchukua hadi wiki 16. Hospitalini wanaweza kupaka asidi maalumu, kugandisha kwa naitrojeni ya maji, kuchoma kwa umeme au kukata kwa ganzi. Mara yangu ya pili niligandishwa. Inauma kama kushika barafu kwa muda mrefu, halafu kama kuungua.

Ipi bora? Hakuna iliyozishinda nyingine zote, na hakuna isiyo na kurudi. Uchaguzi hutegemea vinyama ni vingapi, viko wapi, vina ukubwa gani, mfuko wako unasemaje, na uko karibu na nini. Ikishindwa baada ya wiki kadhaa hubadilishwa. Hata kusubiri bila kutibu ni njia inayokubalika kwa mtu mwenye vichache na mwenye afya njema, kwa sababu vingine hutoweka vyenyewe. Ila vinaweza pia kubaki au kuongezeka, na kuambukiza kunaendelea.

Njia zisizokubalika nazijua kwa sababu nyingine nilishauriwa. Mafuta ya ganda la korosho, yale yanayobabua mikono ya wabanguaji wa Mtwara, watu huyapaka sehemu za siri. Utomvu wa mnyaa, ambao ukikuingia jichoni unaweza kukupofua. Maji ya betri. Jiki. Vyote vinachoma kweli, kinyama na ngozi, na kidonda kibichi sehemu ile ni mlango wazi kwa VVU na maradhi mengine. Wembe nao ni adui wa kimyakimya: kunyoa juu ya vinyama hukwaruza ngozi na kukisambaza kirusi kwenye mikwaruzo mipya. Punguza kwa mkasi mpaka yaishe.

Turudi kwenye swali la pili, ambalo kwetu lilikuwa la kwanza.

Tulikuwa na mwaka mmoja na nusu wa ndoa, mtoto ana miezi minne. Nilimwambia mke wangu usiku, taa imezimwa, maana nilishindwa kwenye mwanga. Alinyamaza muda. Halafu akasema, "Baba Neema, umeyatoa wapi?" Nikamwambia sijui. Kusema kweli nilikuwa sijui, lakini neno hilo likitoka kinywani mwa mwanamume usiku kama ule, nani atalisadiki? Nami moyoni, naona haya kuandika, nilishaanza kumhesabia yeye siku zake: zile wiki alizokwenda kwao Tanga, yule binamu asiyeisha kupiga simu.

Tulikwenda kliniki pamoja. Daktari, mama wa makamo aliyeonekana amelisikia swali hili mara elfu, alitusikiliza wote wawili kisha akasema hata yeye hawezi kujua. Nilidhani anatukwepa. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba lilikuwa jibu kamili la kitaalamu.

Tangu kirusi kiingie mpaka kinyama kionekane huweza kupita wiki chache au miezi kadhaa, na mara nyingine miaka. Wengi walioambukizwa hawaoti kitu maisha yao yote, lakini wanaweza kumpa mwingine. Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha HPV, na hakuna kipimo cha aina yoyote kinachosoma tarehe ya maambukizi. Basi tuziweke hadithi mezani. Huenda mimi nilikipata kabla ya ndoa, kikalala, kikaota baadaye. Huenda yeye alikipata kabla ya ndoa, hakikumwotea, kikanifikia mimi. Huenda mmoja wetu alitoka nje. Kwa macho ya daktari hadithi zote tatu zinatoa kinyama kilekile. Anayetumia masundosundo kama ushahidi wa uzinzi anasoma kitu ambacho hakikuandikwa. Na aghalabu anayesomewa hukumu ni mwanamke, hata pale ambapo vinyama viko kwa mume.

Kwa mwenzi wa kudumu kuna jambo lililonishangaza. Kwa kuwa mmekuwa pamoja, mara nyingi mlishashirikishana kirusi kabla ya yeyote kuona kitu. Watu wengi hudhani yanarudi kwa sababu mnarushiana, leo wewe kesho yeye, kama mpira. Wataalamu hawaoni kwamba hilo ndilo linaloyarudisha, na kumtibu mwenzi asiye na kinyama hakupunguzi kurudi kwa vya kwako. Kwa hiyo mke wangu hakupewa dawa. Alichunguzwa kwa macho, akapimwa magonjwa mengine ya zinaa na VVU, akaambiwa arudi akiona chochote. Nilitaka apewe "hata ya kuzuia". Daktari akaniuliza, azuie nini, kwa dawa inayounguza ngozi, mahali pasipo na kinyama?

Na kukutana kimwili? Vinyama vikiwepo, na mpaka ngozi ipone baada ya tiba, ni bora kuacha kabisa, na hiyo ni pamoja na ngono ya mdomo na ya njia ya haja kubwa. Baada ya hapo kondomu hupunguza hatari, lakini haiimalizi, kwa sababu hufunika uume tu, na kirusi hiki hukaa pia kinenani, korodanini na kwenye mashavu ya uke. Watu wakilisikia hilo husema basi haina maana. Ina maana: inapunguza, na inakinga VVU, kisonono na vingine visivyongoja zamu. Swali la lini mtu amekwisha kabisa kuambukiza halina tarehe. Kirusi kinaweza kubaki kwenye ngozi safi kwa muda baada ya kinyama kuondoka, na uwezekano wa kukipitisha hushuka kadiri miezi inavyopita bila kitu kuota. Mwenye mpenzi mpya amwambie kabla. Maneno si lazima yawe mengi: nilipata masundosundo, nimetibiwa, miezi sita sijaona kitu, tutumie kondomu, na uamuzi ni wako.

Choo cha nyumba ya kupanga hakihusiki, hata kama mnachangia vyumba nane. Wengi hukimbilia huko kwa sababu choo hakiwezi kujitetea. Kirusi hiki hupita ngozi kwa ngozi, na njia kubwa ni ya kujamiiana.

Upande wa mwanamke una la ziada. Masundosundo ya aina ya 6 na 11 hayageuki kuwa saratani ya mlango wa kizazi. Lakini njia ya kupata aina hizo ndiyo njia ya kupata 16 na 18, na mtu mmoja anaweza kubeba zaidi ya aina moja. Kwa hiyo kinyama, kiwe kwake au kwa mumewe, ni kengele ya kumkumbusha kipimo ambacho angepaswa kukifanya hata kama kisingeota. Tanzania saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanawake, na wengi wanaofika Taasisi ya Saratani Ocean Road hufika imeshasogea. Shirika la Afya Duniani linashauri uchunguzi uanze miaka 30, na 25 kwa mwenye VVU. Kipimo kilichozoeleka ni cha siki: mhudumu hupaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja hivi, na sehemu zenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Zikionekana mapema hutibiwa kabla hazijawa saratani, mara nyingi siku hiyohiyo.

Mjamzito asishangae vikiongezeka ghafla. Mimba huvikuza, na vingi hupungua baada ya kujifungua. Kwake dawa huwa ni asidi maalumu ya hospitalini, kugandisha au kukata, na aeleze mimba yake kabla ya kupakwa chochote. Upasuaji wa kuzaa hauhitajiki kwa ajili ya masundosundo peke yake, isipokuwa yamekuwa makubwa kiasi cha kuziba njia au yanatishia kutoa damu nyingi. Kwa nadra sana mtoto hupata vinyama kooni. Akiwa na sauti ya mikwaruzo isiyoisha, apelekwe akaonwe.

Chanjo watu huniuliza sana. Tanzania ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 mwaka 2018, na mwaka 2024 ikahamia kwenye dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Lengo ni saratani, na kila chanjo ya HPV inazikinga 16 na 18. Masundosundo ni hesabu nyingine: chanjo zenye aina nne au tisa zina 6 na 11 ndani yake, zenye aina mbili hazina. Anayelipia mwenyewe aulize ni ipi. Australia, iliyoanza kuchanja mwaka 2007 kwa chanjo ya aina nne, ilishuhudia masundosundo yakikaribia kutoweka kwa wasichana waliochanjwa ndani ya miaka michache, na vijana wa kiume nao wakapungukiwa, ingawa wakati huo walikuwa bado hawachanjwi. Lile la kwamba inafunga kizazi si kweli. Ila haitibu vinyama ulivyonavyo tayari. Mimi nilipouliza nilikuwa nimechelewa kwa miaka mingi.

Mtu arudi hospitali haraka kama kinyama kinatoa damu chenyewe, kimekuwa kigumu au cheusi, kimekuwa kidonda, au hakigeuki hata kwa dawa tofauti. Hicho hukatwa kipande kikapimwe maabara.

Ya kwangu yalirudi mara ya tatu, kama nilivyosema, vinyama viwili mahali papya, sentimita mbili kutoka pale pa zamani. Viligandishwa. Sigara niliacha mwezi uleule, na sijui kama ndiyo iliyosaidia au ni muda tu. Mwaka wa kwanza nilikuwa najikagua kwa kioo kila Jumapili, mlango nimefunga, mpaka mke wangu akanizoea na kuuliza kupitia mlangoni, "Vipi, kuna mtu?" Nikijibu hakuna, anaendelea na kupika.

Alipofikisha 30 nilimsindikiza kwenye kipimo cha siki. Foleni ya benchi ilikuwa ndefu, wanaume tulikuwa wawili. Alitoka ndani ameshika kadi: hasi, arudi baada ya miaka mitatu. Akaikunja, akaitia kwenye mkoba, tukaanza kutembea kuelekea kituoni.

"Na yako imeandikwa lini?" akaniuliza.

Nikamwambia sisi hatupewi kadi.